Rafiki Yangu na Uwanja wa Nyasi Bandia

Kwa miaka minne nilikuwa mchezaji aliyependwa kuliko wote katika timu yetu ya Nakuru, na kwa miaka hiyo yote sikujua kwamba sehemu kubwa ya mapenzi hayo niliipata kwa sababu ya ubovu wa uwanja.

Nilicheza winga ya kulia. Uwanja wetu ulikuwa wa nyasi, au tuseme nyasi mahali zilipokubali kuota. Upande wa jukwaa zilikuwa nene, kwa kuwa mzee aliyetunza uwanja alikuwa na bomba la maji karibu. Upande wa pili, kuelekea reli, palikuwa na vumbi, magugu ya sangari, na mashimo ya fuko yaliyofukiwa yakadidimia tena. Mistari mzee aliichora kwa unga mweupe alioletewa kwa magunia kutoka machimbo ya Kariandusi, na upepo wa saa nane ulipovuma, mistari ilihamia kwenye soksi zetu. Timu za Nairobi zilianza kulalamika kabla hazijamaliza kushuka kwenye basi. Mimi sikulalamika. Nilijua kila kinundu. Hatua kama kumi hivi kutoka kibendera cha kona palikuwa na kimoja ambacho mpira ukikigonga unaruka hadi gotini. Beki mgeni alikuwa akinyoosha mguu chini kuuzuia, mimi niko tayari juu, naupitisha, naondoka. Mashabiki waliita hicho kipaji. Hata mimi niliita hivyo.

Mwenzangu alicheza kiungo wa kati. Yeye alitoka Kiamunyi, mimi Lanet, na tulisajiliwa siku moja, kwa hiyo watu walituona kama pacha. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye mguu wa kushoto uliopiga pasi za chini, kali, za masafa. Kwenye uwanja wetu pasi hizo hazikufika. Ziligonga kinundu zikageuka, au zikafia kwenye sangari, na jukwaa likamzomea. "Pasi ya nani hiyo, boss?" Yeye alijikuna kisogo akarudi nafasi yake. Baada ya mechi nilimshika bega nikamwambia asijali. Nilipenda sana kumfariji. Sasa najua ni kwa nini nilipenda.

Katikati ya mwaka wa elfu mbili na saba, kocha alituweka chini baada ya mazoezi. Kulikuwa na mzungu, alisema, kutoka nchi moja ya kaskazini yenye baridi, anatafuta wachezaji. Kule ligi yao inachezwa kwenye nyasi bandia kwa sababu nyasi za kawaida zinakufa theluji ikija. Kwa hiyo na majaribio yatafanyiwa kwenye nyasi bandia, kwa shule moja ya kibinafsi huko Nairobi, Jumamosi. Sisi tulikuwa na nafasi mbili.

Ya kwanza nilijua ni yangu, na kweli alinitaja. Kisha akamwelekezea kidole mwenzangu.

Nilimfuata kocha hadi kwenye gari. "Kocha, huyu? Pasi zake hata hazifiki."

"Hujamwona akicheza mahali tambarare."

"Na wewe umemwona wapi?"

"Ile siku ya mvua tulifanyia mazoezi kwa ukumbi wa kanisa," akasema. "Wewe ulikuwa unapiga domo na wasichana wa kwaya. Mimi nilikuwa naangalia."

Nilirudi Lanet kwa miguu jioni hiyo, nikimwaza mwenzangu njia nzima. Sikuwa nimewahi kumwonea kijicho mtu aliyekuwa chini yangu. Kilichonitisha ni kwamba huenda hakuwa chini yangu.

Alhamisi kocha alinipigia simu. Yeye alikuwa ametangulia Nairobi kushughulikia makaratasi. Simu ya mwenzangu ilikuwa imeanguka ndani ya karai la maji na ilikuwa haiwaki.

"Sikiza vizuri," kocha akasema. "Hakuna kuingia na njumu za vyuma. Wanakagua mlangoni. Ile kapeti ya nyasi inararuka. Tafuteni zile za vijino vifupi vya mpira, nyote wawili. Mwambie mwenzako leo."

"Nitamwambia."

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwenye mitumba. Viatu vya aina hiyo vilikuwa adimu. Nani alivihitaji Nakuru? Nilipekua vibanda vitatu bila kupata. Kwenye cha nne, muuzaji alinitolea jozi mbili kutoka chini ya gunia. Moja ilinitosha sawasawa. Nyingine ilikuwa kubwa, nyeusi, yenye mstari wa manjano, na nilijua bila kupima kwamba ilikuwa saizi ya mwenzangu, maana mara ngapi tulikuwa tumecheka ukubwa wa miguu yake.

"Hii pia beba," muuzaji akasema. "Hakuna mwingine ataulizia."

Niliishika. Niliigeuza nikahesabu vijino. Kisha nikairudisha chini ya gunia, nikaondoka na yangu. Ijumaa tulikutana mazoezini, tukapeana salamu, tukapanga saa ya kuondoka, na sikumwambia kitu. Nilijiambia kocha atakuwa amempata kwa njia nyingine. Lakini njia nyingine ingekuwa ipi, na simu yake ilikuwa imefunikwa ndani ya mchele nyumbani kwao?

Jumamosi tulifika kwenye lango la shule ile mapema. Askari wa lango alitutaka tufungue mifuko. Aliangalia viatu vyangu akatikisa kichwa kukubali. Aliangalia vya mwenzangu, akavigeuza, akagusa vyuma kwa kidole.

"Hizi hapana, boss. Haziingii."

"Sina zingine," mwenzangu akasema. Akanigeukia. "Kwani wewe uliambiwa?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli hapo. "Nilidhani wewe pia umeambiwa," nikajibu.

Alinitazama kwa muda kidogo. Hakuna hasira niliyoiona, alikuwa tu kama mtu anayepiga hesabu. Kisha akamwangalia askari miguuni. Askari alikuwa amevaa raba nyeusi za kitambaa, zimeisha upande mmoja.

"Mzee, unavaa saizi gani?"

Nilikaa kwenye ukingo wa zege nikifunga kamba za viatu vyangu, na nyuma yangu nikasikia watu wawili wazima wakibadilishana viatu huku wakicheka. Raba zilimbana. Alizikanyaga nyuma kwanza kuzilainisha, kisha akazivuta juu. Askari alibaki langoni amevaa njumu za vyuma, akitembea kwa kelele juu ya saruji.

Ule uwanja naukumbuka vizuri kuliko nyuso za watu. Nyasi zote zilikuwa urefu mmoja, kijani cha aina ambayo sijawahi kuiona ikimea mahali. Katikati yake kulikuwa na chembe nyeusi za mpira, na jua lilipopanda zilitoa harufu ya tairi. Nilizigusa kwa kiganja, zilikuwa na joto. Hapakuwa na kinundu. Nilitembea pembeni mwote, kama mtu anayetafuta funguo alizoangusha, na hapakuwa na hata kimoja.

Tuligawanywa timu mbili, mimi na mwenzangu upande mmoja. Mpira wa kwanza ulitoka kwake. Ulikuja chini, mkali, nikafanya nilivyozoea: nikapunguza mwendo nikingoja udunde. Haukudunda. Ulipita chini ya wayo wangu ukatoka nje. Wa pili niliufuata mapema mno, ukanigonga kwenye kifundo. Wa tatu niliudhibiti, nikajaribu kumzunguka beki, lakini beki hakuwa na sababu ya kukosea. Mpira ulikwenda pale pale alipouona unakwenda. Akauchukua kwa utulivu. Nikajitupa kumzuia na kapeti ikanichuna ngozi ya paja, jeraha pana linalowaka kama la kuungua na maji moto.

Na mwenzangu alikuwa anacheza. Sijui niseme vipi. Pasi zile zile zilizozomewa Nakuru zilikuwa zinafika. Zilipita kati ya watu watatu zikafika. Alipiga moja kutoka kwenye duara la katikati hadi kwa winga wa kushoto upande wa mbali, na ule mpira ulisafiri chini njia nzima bila kutetemeka, na winga hakuhitaji hata kugeuza kichwa. Nilisimama nikiutazama unavyokwenda. Nilikuwa nimecheza na mtu huyu miaka minne na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona.

Yule mzungu alimwinamia kocha akamwuliza jambo. Kocha akaelekeza kidole miguuni mwa mwenzangu, kisha wote wawili wakacheka, na mzungu akaandika kwa muda mrefu kwenye karatasi yake. Baadaye nilikuja kujua alichouliza: kama kijana huyu anaweza hivi na raba za kuazima, atafanyaje akipewa viatu?

Wawili walichaguliwa kati ya wachezaji ishirini na kitu waliokuja. Mmoja alikuwa golikipa kutoka magharibi. Mwingine alikuwa yeye.

Tukirudi nyumbani, tulipokuwa tumepita Gilgil, alinigeukia. "Nilibahatika tu," akasema.

"Ndiyo," nikasema. Ningeweza kumkatalia, kama rafiki anavyofanya. Sikumkatalia.

Aliondoka mwezi wa kumi. Wiki ya mwisho mama yake alitengeneza karamu kule Kiamunyi, chapati na kuku na soda, na majirani wakajaa hadi kwenye boma la jirani. Mama huyu alikuwa mjane aliyemlea mwanawe peke yake, na mimi nilikuwa nimekula kwake mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Niliombwa kuongea kwa niaba ya timu. Nilisema maneno mazuri, watu wakapiga makofi, na mama akajifuta macho kwa ncha ya leso. Nilipoketi nilikuwa nimejichukia, na bado mwenzangu nilimchukia zaidi.

Nilidhani akienda nitapona. Nilibaki mfalme kwenye uwanja wangu, na vinundu vyangu vyote. Lakini mabao yaliisha. Mechi tatu, nne, sikufunga. Mpira haukunijia mahali nilipozoea, na nilichukua muda kuelewa kwamba hata pale kwenye kinundu cha kona kulikuwa na mtu aliyekuwa akiuleta. Katika kila pasi kumi alizopiga, mbili zilifika, na hizo mbili ndizo zilizonifanya nipendwe. Yeye alizomewa kwa nane, mimi nikashangiliwa kwa mbili.

Mwezi wa kumi na mbili alituma picha. Niliifungua kwenye saiba, duka la intaneti, mjini. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja amevaa glovu na kofia ya sufu, na theluji imesukumwa pembeni ikawa vilima vyeupe, huku ndani ya vilima hivyo uwanja ukiwa kijani kitupu. Kwetu wakati huo ukame ulikuwa umefanya nyasi rangi ya karatasi ya kaki. Niliiangalia picha hiyo hadi mwenye saiba akaniambia muda wangu umeisha. Sikujibu ile barua pepe.

Kisha ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi mambo yakaharibika. Sitayasimulia hapa, kila aliyekuwa Nakuru Januari ile ana yake. Ligi ilisimama. Kafyu ikawekwa. Sisi Lanet tulikuwa karibu na kambi ya jeshi na hatukuguswa, lakini moshi tuliuona.

Siku ya tatu ya vurugu zile, simu yangu ikalia, namba ndefu ya nje.

"Niaje," mwenzangu akasema. "Naona Nakuru kwa TV. Simu ya mathe haishiki tangu jana. Hakuna mtu mwingine naweza kuuliza. Unaweza kufika Kiamunyi?"

"Nitaangalia," nikasema.

Nikakata simu nikakaa kwenye ngazi ya jikoni. Nitasema nilichofikiri, kwa sababu bila hicho simulizi hii haina maana. Nilifikiri: yuko kule salama, miguu yake iko kwenye kapeti, halafu ni mimi wa kupita kwenye mawe na mapanga kumtafutia mama yake. Nilifikiri kungoja masaa machache kisha nimpigie nimwambie nimefika, mama yuko sawa. Huenda ingekuwa kweli. Mama yangu mwenyewe alinikuta nimekaa hapo, akauliza kuna nini. Nilipomweleza alikwenda akamimina maziwa kwenye kibuyu cha plastiki cha lita tano, akanipa.

"Huwezi kwenda mikono mitupu," akasema, kama vile suala la kwenda lilikuwa limekwisha.

Kesho yake asubuhi, kafyu ilipofunguliwa, nilishika njia. Watu wengi walikuwa wanatembea, kila mmoja na mzigo wake, hakuna aliyemwangalia mwingine usoni. Nilipopita uwanjani kwetu niliingia kidogo. Familia zilikuwa zimelala upande wa jukwaa, kwenye nyasi nzuri, na magodoro na sufuria na kuku waliofungwa miguu. Mzee wa uwanja alikuwa amefungua bomba lake na watu walipanga foleni na mitungi.

"Mzee, uwanja umeisha," nikamwambia.

"Nyasi zitaota," akasema. "Shika huu mtungi, huyu mama ana mtoto mgongoni."

Nilifika Kiamunyi saa saba. Mama alikuwa mzima. Alikuwa ameweka familia mbili ndani ya nyumba yake, na simu yake ilikuwa imezima kwa sababu stima haikuwapo. Alipoona ni mimi alinishika uso kwa mikono miwili.

"Kijana wangu, umetoka Lanet? Na hii hali?"

Sikuweza kumwangalia. Nilimpigia mwanawe kwa simu yangu nikampa aongee, na nikasimama kando ya ukuta nikisikia akimwambia ale vizuri, avae sweta, asilie. Kisha akanirudishia simu akaingia ndani kuwapimia watoto wa familia zile maziwa niliyoleta.

"Sijui nitakulipa vipi," mwenzangu akasema.

"Usinilipe. Ile siku ya majaribio," nikasema, "kocha aliniambia kuhusu viatu. Alhamisi. Nilikuwa nikwambie na sikukwambia. Na niliviona mitumba, saizi yako, nikaviacha."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake.

"Najua," akasema. "Kocha aliniambia jioni ile ile. Ya mitumba sikujua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nilikuwa nimepita." Akavuta pumzi. "Lakini niliumia. Karamu ile ulipokuwa unaongea nilitaka kutoka nje. Halafu jana nikatafuta nani nitampigia, nikaona ni wewe tu. Sasa hata sijui nikuweke wapi."

"Niwie radhi."

"Wacha niifikirie," akasema. Na hilo niliona ni haki yake.

Kabla hajakata nilimwuliza kama anacheza. Akasema anacheza dakika ishirini, thelathini. Akasema magoti yanamuuma asubuhi, kwamba kapeti haina huruma, kwamba ukianguka unatoka damu na chembe zile nyeusi anazikuta hadi kitandani. Aliongea kwa uchungu, na mimi niliyetoka kuomba radhi dakika moja iliyopita, nilisimama kwenye ua wa mama yake nikiyatamani hata hayo magoti.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha. Familia zilikuwa zimehamishiwa mahali pengine, na uwanja ulibaki tope na majivu ya mafiga. Mzee aliomba watu wa kupanda nyasi. Kati ya wachezaji wote tulitokea watano. Tulichimba vipandikizi kando ya barabara ya Nairobi, tukavijaza kwenye magunia, tukapanda kwa mkono, shada kwa shada, mistari iliyonyooshwa kwa kamba. Nilipofika karibu na kibendera cha kona nilichukua jembe nikakisawazisha kile kinundu. Mzee aliniona, hakuniuliza.

Ligi iliporudi kocha alinitoa winga. Alikuwa hajaongea nami vizuri tangu majaribio, na nilikuwa natarajia benchi. Badala yake aliniweka katikati. "Jifunze kupeana," akasema, basi. Ilinichukua muda. Mechi za kwanza nilizomewa, na ni haki. Lakini Jumapili moja ya mwezi wa saba, nyasi zikiwa zimeshikana vizuri, nilimwona winga wetu mpya anaanza kukimbia upande wa reli, nikapiga mpira chini, mahali alipokuwa bado hajafika. Ulikwenda. Alifunga. Alikimbilia mashabiki, wakambeba, na mimi nilirudi nafasi yangu kati ya watu ambao hawakuwa wakiniangalia.

Jioni ile nilinunua kadi ya simu nikampigia mwenzangu. Tangu Januari yeye ndiye aliyekuwa akipiga, mara mbili tatu, maongezi mafupi kuhusu mama. Nilimweleza habari ya nyasi mpya, zimefika wapi, mzee anavyofukuza mbuzi, harufu inavyopanda baada ya mvua ya saa kumi. Nilimweleza bao lile.

Kisha akasema, "Leo tulifungwa nne. Sikuingia. Ningependa sana kuwa hapo."

Sauti yake niliifahamu. Ndani yake kulikuwa na kijicho changu mwenyewe, kile cha kwenye saiba. Nilipaswa kumwonea huruma, na kwa kiasi fulani nilimwonea. Lakini nilifurahi, nilifurahi kuliko ilivyostahili, na nikaendelea kumsimulia habari za uwanja hadi kadi ikaisha.